Mgonjwa wa TB wa Malampaka alipie kipimo kipi cha damu?

Swali hili huja zaidi mwishoni mwa mwezi wa pili wa dozi. Kikohozi kimepungua, jasho la usiku limekoma, hamu ya ugali imerudi, na mgonjwa anataka kujua jambo moja tu: wadudu wamekufa au bado wapo? Washauri nao hawakosi. Mmoja anasema nenda Maswa ukapime damu. Mwingine anasema vipimo vikubwa viko Mwanza, usipoteze muda. Wa tatu anamjua mtu mwenye maabara anayeweza "kuangalia TB kwenye damu" ukisubiri hapo hapo kwenye benchi. Kila shauri lina bei, na kwa kaya inayongoja malipo ya pamba kutoka chama cha ushirika (AMCOS), bei hiyo inatoka kwenye mbegu za msimu ujao au sare za watoto.

Makala haya ni ya mgonjwa huyo wa Malampaka, wilayani Maswa, na ya ndugu anayemshika mkono. Ninalinganisha vipimo kwa kigezo kimoja: jibu la kipimo litabadilisha nini? Ikiwa jibu likitoka juu au likitoka chini, vidonge vinabaki vilevile na tarehe ya kurudi kliniki ni ileile, basi pesa hiyo ingekaa vizuri zaidi mfukoni, au kwenye mayai na maharage.

Nianze na visivyolipiwa, kwa sababu watu huvidharau kwa kuwa ni vya bure. Chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, uchunguzi wa TB na dawa zake havina malipo katika vituo vya serikali. Dozi ya TB isiyo sugu kwa mtu mzima ni miezi 6: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa pamoja, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi peke yake. Mwenye TB ya mapafu hufuatiliwa kwa makohozi yanayotazamwa kwenye hadubini mwishoni mwa mwezi wa 2, mwezi wa 5 na mwezi wa 6. Wadudu wakionekana mwezi wa 2, makohozi hupelekwa kuchunguzwa kama kuna usugu wa dawa. Wakionekana mwezi wa 5, matibabu yanahesabiwa kuwa yameshindwa na mpango wote unapangwa upya. Hakuna kipimo cha damu kinachouzwa leo ambacho jibu lake lina nguvu ya namna hiyo juu ya dozi yako.

Mwezi wa pili haukuchaguliwa kwa kubahatisha, na sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulijua hilo. Miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio ya dozi fupi yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo mtu alitibiwa mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Majaribio yale yalionyesha kwamba rifampisini ikiingizwa kwenye dozi, miezi 6 inatosha, na kwamba mchanganyiko unaosafisha makohozi mapema, kufikia mwezi wa pili, ndio unaoacha watu wachache wa kuugua tena. Baadaye Karel Styblo, daktari aliyetoka Chekoslovakia, alijenga pamoja na watumishi wa Tanzania utaratibu wa rejista za wilaya unaomfuata kila mgonjwa hadi mwisho wa dozi. Shirika la Afya Duniani liliusambaza utaratibu huo ulimwenguni miaka ya 1990. Kwa hiyo kile kikopo cha makohozi kimebeba ushahidi mzito kuliko mashine nyingi zenye taa.

Tahadhari moja kuhusu GeneXpert. Mashine hiyo ni bora sana mwanzoni, kwa kuwa inatambua TB na kuonyesha kama inaishinda rifampisini. Lakini usiiombe ikuambie kama umepona. Inasoma vinasaba, na wadudu waliokufa huacha vinasaba vyao mwilini. Mtu anaweza kuwa anapona vizuri kabisa na mashine bado ikasema ipo.

Kingine cha bure ni mzani. Dozi ya TB hupangwa kwa kilo: kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye kilo 38 hadi 54 humeza vidonge 3 vya mchanganyiko kwa siku, na mwenye kilo 55 hadi 70 humeza 4. Mgonjwa aliyeanza na kilo 52 akifika 55 anahitaji kidonge cha nne, na asipopimwa uzito ataendelea kumeza dozi pungufu bila mtu kugundua. Upande wa pili, mtu anayemeza dawa kila siku kwa wiki nyingi na uzito haupandi anapaswa kuulizwa maswali: anakula nini, anaruka siku, ana Virusi vya UKIMWI, ana kisukari? Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayotupeleka kwenye damu.

Kabla ya kufika huko, tuviondoe njiani vipimo vinavyouzwa sana na kusaidia kidogo.

Rahisi kuliko vyote ni ESR. Damu inasimamishwa kwenye mrija mwembamba kwa saa moja, kisha mtaalamu anasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, na kwa kawaida hugharimu zaidi. Ni kweli kwamba kwa wagonjwa wengi wa TB vyote viwili huwa juu mwanzoni na hushuka dawa zinapofanya kazi. Tatizo ni kwamba hupanda pia kwa malaria, kwa jino lililooza, kwa nimonia, kwa kidonda kilichotunga usaha. ESR hupanda hata kwa ujauzito, kwa upungufu wa damu na kwa umri. Mtu aliyepata malaria wiki hii anaweza kutoka maabara akiamini dozi yake ya TB imeshindwa. Mwingine CRP yake imeshuka, naye ana wadudu wachache sugu wanaongoja nafasi, akaacha dawa mwezi wa tatu akijiona amepona. Hatari ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali CRP kwa kazi maalumu: kuwachuja watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI ili wanaozidi miligramu 5 kwa lita wafanyiwe uchunguzi wa TB. Hiyo ni kazi ya mlangoni, kabla ya dozi kuanza. Kuamua kama dozi imefanikiwa ni kazi nyingine. Kuna mgonjwa ambaye namba hizi zinaweza kumsaidia daktari wake: mwenye TB ya uti wa mgongo, kwa mfano, ambaye hana makohozi ya kupimwa. Huyo, akishauriwa apime, achague kipimo kimoja na kukirudia katika maabara ileile, mwanzoni na tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu kinachosomwa ni mwelekeo. ESR inatosha kwa ugonjwa wa mwendo wa polepole kama huo, na humwachia nauli. Kupima mara moja tu, bila namba ya mwanzo, hakumsaidii chochote.

Kipimo cha kingamwili za TB kwenye damu, kile cha matone mawili na mistari kama ya ujauzito, nasema wazi: usikilipie. Mwezi Julai 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukataa vipimo vya kibiashara vya aina hiyo kwa TB inayoendelea, kwa sababu huwaita wazima wagonjwa na wagonjwa wazima. Na kama hakifai kutambua ugonjwa, hakiwezi kufaa kufuatilia dozi. QuantiFERON ni kipimo cha heshima zaidi na cha bei ya juu, kinachohitaji maabara ya kuitunza damu kwenye joto maalumu kwa saa 16 au zaidi. Lakini kinachojibu ni kama kinga ya mwili imewahi kukutana na wadudu wa TB. Kwa nchi yetu, watu wazima wengi wamewahi. Tena jibu linaweza kubaki "ndiyo" baada ya mtu kupona kabisa. Kusafiri hadi jiji kubwa kukifuata ili kujua kama dozi inafanya kazi ni kulipa sana kwa swali lisilo lako.

Sasa sukari, na hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ndicho kipimo cha damu ambacho ningemsihi kila mgonjwa wa TB wa ukanda huu asikikose.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walioko Mwanza, pamoja na wenzao wa Denmark, waliwapima wagonjwa wa TB wa jiji hilo na kuwalinganisha na majirani wasio na TB. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa TB, dhidi ya asilimia 9.4 ya majirani. Mwaka 2013 wakachapisha jambo zito zaidi: katika siku 100 za kwanza za matibabu, hatari ya kufa kwa wenye TB na kisukari ilikuwa takriban mara 5 ya wale wasio na kisukari. Hizi ni namba za mjini. Mkulima anayelima pamba kwa jembe na kwenda kwa miguu hadi mnadani si lazima awe na hali ya mkazi wa jiji, wala sisemi mmoja kati ya sita wa Malampaka ana kisukari. Ninachosema ni kwamba hatari ya namna hiyo, iliyopimwa kwa majirani zetu kabisa, inagunduliwa kwa tone la damu la kidoleni, kwa bei iliyo miongoni mwa ndogo kuliko zote katika maabara.

Na jibu lake linabadilisha mengi. Rifampisini hudhoofisha glibenklamidi, kidonge cha kisukari ambacho wengi wamezoea, kwa hiyo mtu aliyekuwa ametulia kwa miaka anaweza kushangaa sukari ikipanda baada ya kuanza dozi. Daktari anaweza kumhamishia kwenye metformini au insulini. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi na miguu kuwaka moto, jambo ambalo kisukari nacho huleta, hivyo mwenye vyote viwili anahitaji vitamini B6 bila kuchelewa.

Kuna njia mbili za kupima, na tofauti ya bei yake ni kubwa. Ya kwanza ni kipimo cha asubuhi kabla ya kula: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni dalili ya kisukari. Ukipimwa muda wowote, namba ya kutia shaka ni 11.1. Ya pili ni HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, na mpaka wake ni asilimia 6.5. Watoa ushauri wengi husifia HbA1c kuwa ya kisasa. Kwa mgonjwa wa TB wa Kanda ya Ziwa mimi ningechagua ile ya bei ndogo. HbA1c hutegemea chembe nyekundu, na upungufu wa damu huipotosha, selimundu pia, na vyote viwili ni vya kawaida huku kwetu. Kwa kiasi kidogo cha pesa utapima asubuhi mbili tofauti na kupata jibu la kuaminika. Kumbuka tu kwamba TB yenyewe inaweza kuipandisha sukari kwa muda, kwa hiyo namba ya wiki ya kwanza inahitaji kurudiwa baada ya mwezi au miwili kabla mtu hajaambiwa ana kisukari cha maisha.

Kipimo cha Virusi vya UKIMWI sikielezi kwa kirefu kwa kuwa hakina malipo na kliniki ya TB itakupa bila wewe kuomba. Ukikutwa navyo au unavyo tayari, hakikisha anayekupa dolutegravir anajua umeanza dozi ya TB: rifampisini huipunguza nguvu, na kwa kawaida dolutegravir hutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja hadi dozi ya TB iishe.

Kipimo cha ini kina mkanganyiko mwingi, na pesa nyingi hupotelea hapo. Dawa tatu kati ya zile nne, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuliumiza ini. Wengi hawapati shida. Kwa hiyo si lazima kila mgonjwa alipie kipimo cha ini kila mwezi, ingawa zipo maabara zitakazofurahi kukiuza. Wanaopaswa kupimwa mwanzoni na kurudiwa ni wanywaji wa pombe kila siku, gongo ikiwemo, wenye homa ya ini B au C, waliowahi kuugua ini, wajawazito na waliojifungua karibuni, na wazee. Wengine wote wajue dalili: kichefuchefu kisichokwisha, kutapika, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya njano. Hapo mgonjwa anaacha vidonge na kwenda kituoni siku hiyo hiyo, na kipimo kinachofuata kina thamani ya kila shilingi, kwa sababu namba itaamua. ALT, kimeng'enya cha ini, ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na dalili, au mara 5 hata bila dalili, dawa husimamishwa hadi ini litulie, kisha hurudishwa moja moja kwa uangalizi. Ukiuzwa orodha ndefu ya vipimo vya ini na pesa haitoshi, muulize daktari kama ALT na bilirubini vitatosha.

Kuna jambo linalowapeleka watu wengi kwenye kipimo hiki bila sababu: mkojo. Rifampisini huufanya uwe wa rangi ya chungwa au mwekundu tangu siku za kwanza, pamoja na machozi na jasho. Hiyo ni rangi ya dawa, haidhuru. Mkojo wa kuogopa ni wenye weusi wa chai ya rangi, hasa macho yakianza kuwa ya njano. Vilevile mwambie mhudumu ukweli kama unakunywa dawa ya miti shamba. Si kwa ajili ya kukemewa. Baadhi ya mizizi huumiza ini, na asiyejua umekunywa atazilaumu dawa za TB na kuzisimamisha bure. Maumivu ya viungo wakati wa miezi 2 ya kwanza mara nyingi ni asidi ya yuriki iliyopandishwa na pirazinamidi, nayo hutulizwa kwa dawa ya maumivu bila kulipia kipimo chake.

Mwenye TB sugu asisome ushauri huu wa kubana matumizi kama ni wake. Dozi fupi ya TB sugu, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, ina linezolidi, dawa inayoweza kushusha damu na chembe sahani ndani ya wiki chache, na bedakwilini, inayohitaji moyo upimwe na madini ya potasiamu yaangaliwe. Kwake yeye picha kamili ya damu ni sehemu ya tiba kama vidonge vyenyewe. Kuruka hata kipimo kimoja kwa sababu ya nauli ni hatari, na mratibu wa TB wa wilaya aambiwe mapema ili asaidie.

Nauli, kwa kweli, ndiyo bei kubwa ambayo haiandikwi kwenye risiti ya maabara. Kutoka Malampaka hadi hospitali ya wilaya Maswa, au Bariadi kwenye hospitali ya mkoa, au Mwanza hadi Bugando, hesabu mchomoko au basi kwenda na kurudi, zidisha kwa mbili kwa sababu mgonjwa dhaifu hasafiri peke yake, ongeza chakula, na kama ni kati ya Mei na Agosti ongeza siku ya kuchuma pamba iliyopotea. Mara nyingi jumla hiyo hukizidi kipimo chenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuguzi liwe kama sampuli inaweza kusafiri na mgonjwa akabaki. Makohozi husafirishwa, na baadhi ya damu pia. Pale ambapo safari haikwepeki, panga yote siku moja: makohozi ya mwezi wa pili, mzani, sukari ya kabla ya kula. Ondoka na tumbo tupu na ufunge michembe kwenye mfuko wa kula baada ya kuchomwa kidole. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, ambayo mwaka 2018 ilianza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, inaweza kukupunguzia vipimo vya sukari na ini ukifuata utaratibu wa rufaa. Ukienda moja kwa moja maabara ya binafsi mjini, utalipa mwenyewe.

Je, damu haitakuja kutoa jibu la kweli kuhusu dozi? Inawezekana, na sehemu ya kazi hiyo inafanyika hapa nchini. Mbeya, watafiti wamekuwa wakitazama seli za kinga zinazowatambua wadudu wa TB: mgonjwa akipona, alama kama CD38 hupungua juu ya seli hizo na CD27 huongezeka. Kampuni ya Cepheid imetengeneza kipimo cha tone la damu la kidoleni kinachosoma jeni tatu, GBP5, DUSP3 na KLF2, kwa chini ya saa moja, na watoto wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliokijaribu pamoja na wa Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini na India. Marekani, Tony Hu na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba vipande vya protini ya CFP-10 ya wadudu hupimika kwenye damu na hupungua kadiri dozi inavyoendelea. Kazi zote hizi bado ni za utafiti, na hakuna maabara ya mtaani inayoweza kukuuzia kipimo cha namna hiyo kwa ajili ya kufuatilia dozi yako.

Wanaohitaji zaidi vipimo hivyo ni watoto, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hawezi kukohoa na kutema kwenye kikopo, na wenye TB ya tezi, mifupa au tumbo. Mama wa mtoto kama huyo akiwa Malampaka leo, asinunue CRP kila mwezi kwa matumaini. Mtoto apimwe uzito kila anapochukua dawa, na kipimo kiandikwe kwenye kadi, kwa sababu dozi yake inabadilika kwa kilo chache tu. Homa, kucheza na kula kwake viulizwe kila ziara. Uzito usipopanda mwezi wa kwanza na wa pili, mama aombe rufaa ya kumwona daktari Maswa, aende na kadi ile, na pesa ambayo ingelipia CRP iwe nauli ya safari hiyo.